Panda Chochote, Usipande Mti

Askari wa ploti alinipa sharti moja tu. "Panda chochote, mwanangu, ila usipande mti."

Alikuwa amekalia mtungi mtupu chini ya mkorosho, ambao bila shaka ulipandwa kabla sharti halijatungwa. Mchicha, ruhusa. Kunde, mabenda, mahindi, ruhusa. Muhogo aliufikiria kidogo, akasema sawa, bora niung'oe mapema. Mnazi hapana, mwembe hapana, na nilipotaja mpapai alinikunjia uso kana kwamba nimemtukana. Tukakubaliana shilingi 3,000 kwa msimu, robo ekari, pembeni mwa barabara ya kutoka Timboni kwenda Gede. Pesa nikatuma kwa simu, kwa namba yake yeye. Karatasi hakuna. Mwenye ploti sijamwona hadi leo. Wengine wanasema yuko Nairobi, wengine Italia, wengine wanasema alishakufa na watoto wake wako kortini.

Ukiwa umezaliwa huku huhitaji kuelezwa kisa cha mti. Mchicha hautoi ushahidi. Wiki tatu nne umeshaliwa na sima, umekwisha. Mnazi unaishi kuliko aliyeupanda, na siku ya kesi mtu anaweza kusimama mbele ya hakimu akaunyooshea kidole: ule pale, niliupanda mwaka mamangu alipofariki. Ndiyo maana wenye ploti wanaiogopa miti kuliko wezi. Ni mpango ule ule wa nyumba bila ardhi ambao umeenea Pwani nzima, kuta zako, udongo wa mwingine. Mimi nimeukuta kwenye mboga.

Sasa nataka kusema jambo ambalo najua litawaudhi watu wa pande mbili, walio na ardhi na wanaoipigania. Sidai hatimiliki. Yani naitaka, nani asiyeitaka, lakini si hiyo ninayoidai leo. Leo nataka kukodi. Nataka serikali ya kaunti ya Kilifi itenge ardhi ya umma hapa Watamu, iikate vipande vidogo, itukodishie sisi tusio na shamba kwa bei ya mtu wa kawaida na kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitano, tulime chakula chetu. Basi.

Mimi si mkulima wa kuzaliwa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, nikarudi nyumbani. Tangu hapo naandika kwa malipo ya kipande: maelezo ya nyumba za likizo, yale ambayo mgeni huyasoma kwenye mtandao kabla ya kulipia. "Bustani pana yenye kivuli, hatua chache kutoka baharini." Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuiandika usingizini. Kwa hivyo niamini nikikwambia najua ni nyasi kiasi gani zinazomwagiwa maji Watamu kila jioni. Nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi. Na malipo ya maandishi hayo huja yanapotaka kuja, ndiyo nikaanza kuwaza jembe.

Msimu wa kwanza, vuli ya 2022, nilivuna mawe. Udongo wa huku ni mchanga juu na tumbawe chini, na mwaka ule mvua ilikataa Kilifi nzima. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa kipande cha jirani, ambaye amekuwa akilima ploti za watu tangu mimi sijazaliwa, na ameshafukuzwa kwenye ploti nne. Alinifundisha kwamba tuta la kuinuka sana ni la watu wa udongo mzito. Huku mchanga unakauka, lima chini, lifanye tuta liwe kama sahani ishike maji. Samadi ya mbuzi ioze kwanza. Kunde katikati ya mahindi. Na nikipalilia, mtsunga niuache, kwani nani kaniambia mtsunga ni magugu? Mboga chungu hiyo, chakula cha Wagiriama, haikuomba kupandwa na hakuna duka linaloiuza mbegu. Kima wa upande wa Gede walikula mahindi yangu yote isipokuwa yale niliyoyachoma mabichi kwa hasira.

Masika ya 2023 mambo yakageuka. Tuko watano nyumbani. Tulikuwa tukinunua mboga za shilingi 70 kwa siku. Kwa miezi minne sikununua. Hiyo ni 8,400. Toa 3,000 za ploti, toa 1,900 za maji ya mkokoteni zile siku mvua ilipokatika, nilibaki na 3,500. Usinicheke. Kuna miezi maandishi hayajaniingizia hata hizo. Kisha mwisho wa mwaka ule ule mvua ikaja kwa fujo, barabara ya Malindi kwenda Mombasa ikakatika pale Mbogolo, na malori ya kabeji, nyanya na vitunguu yakakwama ng'ambo. Bei za sokoni sikuzipenda. Sisi tulikula mabenda na kunde kutoka robo ekari ya mtu tusiyemjua.

Huwa nawaza kwamba Malindi hii ilikuwa ghala. Karne ya kumi na tisa nafaka na ufuta vilipakiwa majahazini hapa vikapelekwa Uarabuni. Sitaki kuupamba wakati ule, mashamba yale yalilimwa na watumwa. Lakini Wagiriama wa ng'ambo ya Sabaki nao walilima nafaka yao wenyewe ikabaki ya kuuza, na ilikuwa sababu mojawapo Waingereza hawakutaka kuwaacha kule mwaka 1914: mtu mwenye chakula chake haendi kuwa kibarua kwenye shamba la mzungu. Mekatilili alilielewa hilo mapema kuliko wengi. Hatukuanza kusubiri lori la bara kwa sababu ya uvivu.

Uvivu ndilo neno. Mwaka jana nilienda kwenye semina ya vijana na kilimo, ukumbi wenye kiyoyozi, chai na sambusa, fulana imeandikwa mgongoni kwamba kilimo ni biashara. Mkufunzi akatuonyesha picha za mabomba ya matone na vibanda vya plastiki. Akasema tatizo la kijana wa Pwani ni mtazamo. Kisha akataja mkopo, na masharti ya mkopo: kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki, na uthibitisho wa ardhi. Nikainua mkono nikauliza, uthibitisho wangu ni ujumbe wa simu wa 3,000 kwa askari wa ploti, utatosha? Ukumbi ukacheka. Mkufunzi naye akacheka, akasema swali zuri, tutalirudia. Halikurudiwa. Sambusa zilikuwa tamu lakini.

Hebu nieleze hasara ya msimu kwa sababu semina hazielezi. Muhogo unataka miezi minane hadi mwaka mzima ndipo mzizi ushibe. Mkataba wa mdomo wa miezi minne hauwezi kubeba muhogo, na muhogo ndicho chakula ambacho udongo huu unakipenda na ukame haukiui haraka. Kwa hivyo tunapanda mahindi, ambayo udongo huu hauyapendi. Samadi nayo, ukiitia leo, utaifaidi msimu huu kidogo, msimu ujao zaidi, na wa tatu ndipo udongo unaanza kugeuka rangi. Mtu asiyejua kama atakuwepo msimu ujao hatii samadi. Anachukua alichokikuta. Nimemwona yule mama wa kipande cha pili, mjuzi kuliko mkufunzi yeyote, akilima ardhi vibaya kwa makusudi, kwa sababu mara mbili aliitunza, ikanenepa, na mwenye ploti alipopita akaona inavyomea akapandisha bei. Kisha anakuja afisa mwenye fulana kutwambia hatutunzi udongo.

Sasa twende kwenye mwaka 1908. Uvumilie kidogo, ni hadithi ninayoipenda.

Mwaka huo wakoloni wa Kiingereza walitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa Pwani, maili kumi kutoka baharini. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa aje aandikishe dai lake. Ambayo haikudaiwa, au dai lake halikukubaliwa, ikawa mali ya Taji. Wenye maandishi na wenye kuijua ofisi waliandikisha. Wamijikenda walimiliki kwa ukoo na kwa kaya, na sheria ile haikuutambua umiliki wa namna hiyo. Wengi wakalala wenyeji wakaamka maskwota. Watamu iko ndani ya maili kumi hizo. Ploti ya askari wangu iko ndani ya maili kumi hizo.

Mwaka huo huo wa 1908, kule kwao, Bunge lao lilipitisha sheria nyingine, ya mashamba madogo na vipande vya kukodi. Inayataka mabaraza ya miji na vijiji yatoe vipande vya kulima chakula kwa wakazi wasio na ardhi, pale wanapovihitaji. Wakazi sita waliojiandikisha kupiga kura wakiandikia baraza, baraza halina budi kuwasikiliza. Watu sita! Kipande cha kawaida ni kama mita za mraba 250, yani robo ya robo ekari. Katika Vita Vikuu vya Pili vipande hivyo vilifika zaidi ya milioni moja, vikalisha watu wakati meli za chakula zinazamishwa baharini. Sheria ile ingalipo.

Najua habari hizi kwa sababu ya shangazi. Yuko Leicester, analea wazee, na ana kipande chake chenye namba, ufunguo wa geti na karatasi. Kodi ya mwaka mzima, anasema, haifiki mshahara wake wa siku mbili. Ananitumia picha za kunde zilizodumaa kwa baridi na majani ya maboga makubwa kama mwavuli. Siku moja jirani yake, mzee wa Kiingereza, alimkimbilia akipunga mikono: alikuwa anachuma mnavu, na kwao mnavu unahesabiwa sumu. Shangazi akaupika akaula mbele yake. Mzee alirudi kesho yake asubuhi kuangalia kama bado yu hai.

Kwa hivyo mkono ule ule, mwaka ule ule, ulimpa mfanyakazi wa Leicester kipande cha kulima na ukamnyang'anya babu wa babu yangu shamba zima. Na leo, ili mtu wa ukoo wetu apate karatasi ya kulima mnavu, ilibidi aende Leicester. Nimeyaandika hayo nikayasoma tena, na hasira bado ipo.

Na ukitaka kicheko zaidi, ukanda huu wenyewe uliwahi kukodiwa. Mwaka 1895 Uingereza iliukodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa maandishi, kwa kodi ya kila mwaka, na mpango huo ukadumu mpaka 1963. Ufalme mzima ulikaa Pwani kama mpangaji, na ulikuwa na mkataba. Mimi sina.

Mjomba ananipinga. Nampa nafasi hapa kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko ya mtu mwingine yeyote niliyemsikia. Amehudhuria mikutano ya ardhi tangu miaka ya tisini, ana faili ya barua iliyofungwa kwa kamba ya katani. Aliposikia habari ya kukodi aliweka kikombe chini. "Nikodi ardhi ya babangu? Wewe mwana, ukitia sahihi unalipa kodi, umekiri kwamba si yako. Wakili wao atakuja na karatasi hiyo hiyo atusome nayo." Nilitaka kumjibu kwa haraka nikashindwa, maana kisheria hajakosea sana. Mpangaji ni vigumu kumgeuka mwenye nyumba baadaye akasema nyumba ni yangu.

Lakini mjomba, nimelifikiria. Kwanza, ninachotaka kukodi ni ardhi ya umma. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema sehemu kubwa ya ardhi ya umma inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi wake, na Tume ya Taifa ya Ardhi inaisimamia. Wakazi ndio sisi. Pili, mkataba unaweza kubeba mstari mmoja: kukodi kipande hiki hakufuti dai lolote la kihistoria la mpangaji wala la ukoo wake. Tume hiyo hiyo imepewa na Katiba kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Faili lako la katani liendelee huko, sitaligusa. Tatu, na hili linaniuma kulisema kwa mkubwa wangu: tumesubiri hatimiliki tangu kabla sijazaliwa, kila uchaguzi zinaletwa kwenye mikutano kwa mabahasha, na watu wa huku wamezeeka wakila mboga za kununua. Kesi ya shamba ni ya miaka. Sima inapikwa jioni.

Wanasiasa wao hawapendi wazo hili kwa sababu nyingine. Hatimiliki unampa mtu siku moja mbele ya kamera na anakushukuru hadi kaburini. Kipande cha kukodi kinataka karani, daftari, orodha ya wanaosubiri, bomba la maji linalofanya kazi. Nani atapigiwa makofi kwa bomba?

Nimeambiwa pia kwamba ardhi haipo. Nani kasema tunataka nyingi? Ekari moja inatoa vipande 16 vya ukubwa wa kile cha shangazi. Ekari tano, ukiacha njia na tangi, ni familia 70 hivi. Kaunti ikikosa ekari tano kwenye wadi nzima, basi iseme zilikwenda wapi, na hilo nalo tutalisikiliza kwa hamu. Tena kuna zile ploti zilizozungushiwa ukuta na kuachwa, na hoteli zilizofungwa ambazo bustani zake sasa ni vichaka vya nyoka. Kaunti inaweza kuwaambia wenye nazo: tukodishie sisi kwa miaka mitano, tuwakodishie wakazi, mwisho wa muda unarudishiwa ikiwa safi. Mwenye ploti anayeogopa mti atalala usingizi, maana aliyetia sahihi ni kaunti, si mimi. Nairobi, na msongamano wake wote, ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Sisi tuna wizara ya kaunti, maana kilimo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa.

Hofu yangu mimi ni nyingine kabisa, na ni ya mtu anayeishi hapa: vipande vitaishia kwa mashemeji wa wakubwa. Kwa hivyo majina yabandikwe ukutani, sokoni, yasomwe na kila mtu. Nyumba moja kipande kimoja. Asiyelima msimu mzima, anapewa aliye nyuma yake kwenye foleni. Kukodisha tena kwa mtu mwingine, marufuku. Na maji yawe kwenye mpango tangu siku ya kwanza, kwa sababu visima vya karibu na bahari vikivutwa sana vinageuka chumvi, na ploti bila maji huku Watamu ni uwanja wa kufugia mijusi. Najua hata hivyo watu watajaribu. Wajaribu tukiwaona.

Mwaka 2024, kabla ya masika, nilikuta bikoni nne mpya kwenye ploti, zimepakwa rangi nyekundu, moja katikati ya tuta langu la mabenda. Askari hakuwa pale. Mtungi wake ulikuwa pale. Nilimpigia, akasema wamekuja watu na ramani, hajui zaidi, na yeye mwenyewe ameambiwa ahame mwisho wa mwezi. Miaka kumi na moja amelinda ploti hiyo. Akaniuliza kama naweza kumwandikia barua. Nikamuuliza ya kwenda kwa nani, akanyamaza. Muhogo wangu ulikuwa na miezi mitano. Tuliung'oa na mama Jumamosi ile, mizizi myembamba kama vidole, tukaula siku mbili.

Barua niliyoishia kuandika ni nyingine. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti, na ombi letu lina kurasa mbili: ekari tano, miaka mitano, majina ukutani, bomba moja kwa kila vipande vinane, ule mstari wa dhuluma za kihistoria, na kipengele kimoja ambacho yule mama wa kipande cha pili alikataa kutia dole gumba mpaka kiongezwe, kwamba mpangaji ataruhusiwa kupanda mpapai. Tulitaka sahihi sita, kwa ajili ya ile hadithi ya Waingereza. Tumepata 23, na ya askari imo. Ya mjomba haimo. Ila juzi alikuja nyumbani akaomba nakala moja, akaisoma kimya hadi mwisho, akaitoboa tundu pembeni kwa msumari, akaitia kwenye faili lake.

Tunaipeleka Jumatatu.